KABLA YA KUMHUKUMU MAMA, TUCHUNGUZE MOYO WA MTOTO

Juma hili naomba tuzungumze jambo zito ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona, jikoni au msibani. Ni kifo cha mtoto mchanga ambaye jioni alikuwa akicheka na alfajiri akakutwa amekwisha poa.

Miaka michache iliyopita msiba wa namna hiyo ulitokea Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Sikukuu, katika mojawapo ya zile nyumba chache za Kiswahili ambazo bado hazijapisha maghorofa. Baba wa mtoto ni kibarua wa bandarini, na juma lile alikuwa zamu ya usiku akipakua shehena. Mama alikuwa akiuza chai na vitumbua kwa wachuuzi wa sokoni. Mtoto wao, wa kwanza na wa kiume, alikuwa na umri wa miezi mitatu unusu.

Siku mbili kabla ya kifo mtoto alipata mafua madogo. Mama aliona kwamba ananyonya kidogo kisha anaachia ziwa, anahema haraka haraka, na jasho linamtoka kwenye paji la uso kana kwamba ametoka kubeba gunia. Akampeleka kwenye zahanati moja, akapewa dawa ya maji ya kushusha homa, akarudi nyumbani. Usiku wakalala kitanda kimoja, mama na mwana, kwa sababu chumbani kulikuwa na kitanda kimoja. Saa kumi na moja alfajiri mama aliamka kuwasha jiko, akamgusa mwanawe, akapiga yowe lililoamsha nyumba nzima.

Saa saba mchana sisi wanaume tulikuwa tunarudi kutoka makaburini.

Kule uwani, wanawake walikuwa wameketi mkekani. Mmoja akasema ni dege. Mwingine akasema ni jicho la watu, maana mtoto alikuwa mnene na mama hakumfunga chochote mkononi. Wa tatu, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika kila pembe ya uwani, akasema: "Amemlalia." Dege likasahauliwa, jicho likasahauliwa, lakini neno hilo moja halikuondoka. Lilimfuata yule mama bombani, gengeni na sokoni.

Mimi nilikuwa nimeketi barazani. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Chuoni tulifundishwa kwamba habari isiyojibu nani, nini, wapi, lini, vipi na kwa nini haijakamilika. Siku ile nilijua nani, nilijua wapi, nilijua lini. Sikuuliza kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa yule mama alinisimamisha njiani. Alikuwa mjamzito tena. Akaniambia: "Shemeji, wewe ni mtu wa redio, unaongea na madaktari. Hivi ni kweli nilimlalia mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma na kuuliza, na mazungumzo ya leo yametokana na swali lake.

Ndugu wasikilizaji, miongoni mwa mambo yanayoweza kumuua mtoto mchanga ghafla bila kelele, upo ugonjwa ambao wengi wetu hatujapata kuusikia. Madaktari wanauita miokaditisi, yaani mchochota wa misuli ya moyo. Mchochota mnaujua. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huvimba, hupata moto na kuuma, kwa sababu askari wa mwili wamekimbilia pale kupambana na adui. Vita hiyo ikipiganwa kwenye kidole, mtu huugulia kisha akapona. Ikipiganwa ndani ya nyama ya moyo, mambo ni mengine. Moyo haupumziki hata dakika moja. Moyo wa mtoto mchanga hauzidi ngumi yake mwenyewe, nao hupiga kama mara 110 hadi 160 kwa dakika. Nyama yake ikijeruhiwa, aidha hushindwa kusukuma damu, au umeme unaouongoza huvurugika, mapigo yakapotea njia na kusimama.

Mara nyingi anayeanzisha vita hiyo ni kirusi, na wala si kirusi cha ajabu. Vimo virusi vinavyoleta mafua, vimo vinavyoleta kuharisha, vimo vinavyoleta vipele. Watoto wengi mno hupata virusi hivyo na kupona. Wachache, virusi huteremka hadi moyoni. Kwa nini huyu na si yule? Sayansi haijamaliza kulijibu swali hilo.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa huku kwa meli. Mwaka 1948, huko Marekani, mtafiti Gilbert Dalldorf na mwenzake walitangaza kugundua kundi jipya la virusi, vikapewa jina la mji mdogo wa Coxsackie, katika jimbo la New York. Haikuchukua muda kabla kirusi hicho hakijaonekana katika bara letu, na mahali pabaya kuliko pote. Taarifa za kitabibu zilizochapishwa mwaka 1955 na 1956 zilieleza milipuko miwili ndani ya nyumba za kujifungulia wazazi, mmoja Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, na mwingine Johannesburg. Watoto waliozaliwa wazima waliugua ghafla wakiwa na umri wa siku chache, na baadhi yao walikufa. Mioyo yao ilipochunguzwa ilikutwa na mchochota, na kirusi cha Coxsackie cha kundi B kikapatikana. Kwa hiyo sehemu ya yale ambayo dunia inayajua leo kuhusu ugonjwa huu kwa watoto wachanga ilijulikana Kusini mwa Afrika, kwa sababu mtu alikubali kuuliza kwa nini.

Na jirani zetu wa Kampala nao wana lao. Mwaka 1948, daktari J. N. P. Davies wa Hospitali ya Mulago alieleza ugonjwa wa moyo ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao, ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo hukakamaa na kuwa kama kovu. Hakuupata kwa kusikiliza vifua peke yake. Aliupata kwa kuwachunguza waliokufa. Waliokufa Mulago waliwafundisha madaktari jinsi ya kuwatazama walio hai.

Sasa swali la msingi: mtoto akishafariki, daktari anajuaje kwamba moyo wake ulikuwa na mchochota?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba macho matupu hayatoshi. Moyo wa mtoto aliyekufa kwa ugonjwa huu unaweza kuonekana wa kawaida kabisa ukiwekwa mezani. Pengine umepanuka kidogo, pengine umepauka, pengine hauna dalili yoyote. Daktari atakayeufungua, akautazama na kuurudisha, ataandika kwamba moyo ni mzima. Hapana budi vipande vikatwe na kutiwa dawa, vikatwe tena vyembamba kuliko karatasi, vipakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Tena kipande kimoja hakitoshi. Mchochota hukaa kwa mabaka mabaka, kama ukungu kwenye mkate. Ukikata upande ambao haujashikwa, utasema mkate ni mzima. Kwa hiyo vinahitajika vipande kadhaa, kutoka chumba cha kushoto na cha kulia cha moyo, na kutoka ukuta unaovitenga.

Chini ya hadubini daktari hutafuta mambo mawili: chembe nyeupe za damu zilizojikusanya ndani ya nyama ya moyo, na nyuzi za nyama hiyo zilizoharibika au kufa karibu na chembe hizo. Mwaka 1987 ilichapishwa kanuni inayojulikana kwa jina la mji wa Dallas, Marekani, iliyosema kwamba mambo hayo mawili lazima yaonekane pamoja ndipo daktari aandike kuwa mchochota umethibitika. Kanuni hiyo iliwaletea madaktari lugha moja. Lakini walio wengi waliona kwamba ni kali mno na kwamba wagonjwa wengi huponyoka. Baadaye zikaja rangi maalumu ambazo hushika aina moja tu ya chembe, zikawezesha chembe kuhesabiwa badala ya kukisiwa. Mwaka 2013 wataalamu wa moyo wa Ulaya walitaja kiwango cha chembe 14 au zaidi katika kila milimita moja ya mraba, na kati ya hizo angalau 7 ziwe za aina ya askari wanaoitwa T. Hata hivyo kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya vipande vinavyonyofolewa kwa wagonjwa walio hai. Hakikupimwa mahususi kwa mtoto wa miezi mitatu aliyefariki usingizini.

Kisha kipo kipimo cha kutafuta chembe za urithi za kirusi, kile cha PCR, ambacho jina lake kila mtu wa Dar es Salaam alilisikia wakati wa ugonjwa wa korona. Kwa kipimo hicho, kipande kidogo cha moyo kinaweza kutaja jina la kirusi kilichokuwamo.

Hapa ndipo naomba tusikilizane kwa makini, maana ndipo watu wengi huteleza. Kukuta kirusi moyoni si sawa na kukuta muuaji. Virusi vingine hukaa mwilini kimya miaka mingi bila kumdhuru mtu. Vilevile kukuta chembe chache nyeupe si ushahidi wa ugonjwa. Watafiti wamewahi kuchunguza mioyo ya watoto waliokufa kwa sababu zinazojulikana, mathalani ajali, wakakuta kwamba baadhi yao nao wana chembe hizo. Mtoto aliyegongwa na gari hakuuawa na chembe alizokutwa nazo. Ndiyo maana wataalamu waangalifu hawatoi hukumu kwa kipande kimoja cha nyama. Hukusanya yote pamoja: moyo unasemaje, mapafu yanasemaje, ubongo unasemaje, damu inasemaje, mtoto alikuwa amelalaje, na mama aliona nini siku zilizotangulia. Ushahidi wote ukielekea upande mmoja ndipo sababu huandikwa. Usipoelekea, mtaalamu mwaminifu huandika kwamba sababu haikujulikana. Kuandika hivyo kunahitaji ujasiri.

Mtu anaweza kuuliza: kama kazi yenyewe ni ngumu hivyo, ya nini kuhangaika? Mtoto amekwenda, hatarudi.

Nitajibu kwa kisa cha kweli kutoka Uingereza. Mama mmoja aitwaye Sally Clark, mwanasheria, alifiwa na watoto wawili wachanga, mmoja mwaka 1996 na mwingine mwaka 1998. Alishtakiwa kwa mauaji. Mahakamani daktari bingwa wa watoto alisema kwamba uwezekano wa vifo viwili vya namna ile kutokea kwa bahati mbaya katika familia kama yake ni mmoja kati ya milioni 73. Mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Chama cha wataalamu wa takwimu cha nchi hiyo baadaye kilisema wazi kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Tena ikagundulika kwamba yalikuwapo majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili, na daktari aliyefanya uchunguzi hakuyatoa kwa upande wa utetezi. Mwaka 2003 mama huyo aliachiwa huru. Lakini hakupata kuwa mtu yule yule tena. Alifariki mwaka 2007.

Tazameni, ndugu zangu. Hiyo ni nchi yenye maabara, yenye mawakili na yenye mahakama za rufaa, na bado mama mfiwa alikaa gerezani miaka mitatu na ushei. Mwaka 2004 jopo lililoongozwa na mwanasheria Helena Kennedy likatoa mwongozo wa namna ya kuchunguza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Mwongozo huo ulitaka daktari wa watoto, mtaalamu wa kuchunguza maiti, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii washirikiane tangu saa za mwanzo, na wazazi waendewe kwa heshima kama wafiwa.

Sasa rudini Kariakoo. Kule uwani hakukuwa na hakimu, hakukuwa na wakili, hakukuwa na rufaa. Kulikuwa na neno moja, na hukumu ikapita kabla ya alasiri.

Na neno lenyewe, kitaalamu, ni gumu mno kulithibitisha. Mtoto mchanga aliyekosa pumzi mara nyingi haachi alama yoyote. Daktari akimfungua anaweza asione tofauti kati ya aliyebanwa pumzi na aliyekufa bila sababu kujulikana. Kwa hiyo anayesema "amemlalia" anasema asichokijua. Kinyume chake, moyo wenye mchochota huacha alama. Ni miongoni mwa mashahidi wachache wanaoweza kusimama upande wa mama na kusema: huyu hakufanya kosa, mtoto alikuwa mgonjwa. Lakini shahidi huyo tunamzika naye.

Ipo faida ya pili, nayo inahusu mtoto anayefuata. Kama kilichoua ni mchochota uliotokana na kirusi, kwa kawaida si ugonjwa wa kurithi, na wazazi wanaweza kupumua. Lakini yapo maradhi mengine ya moyo, ya nyama yake au ya umeme wake, ambayo hupita ndani ya ukoo. Hayo yakigundulika kwa aliyetangulia, ndugu zake wanaweza kupimwa wakiwa hai.

Sisi Tanzania tumesimama wapi? Tuseme kwanza jema lililofanyika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 99 hawakutimiza mwaka mmoja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 33. Hiyo ni kazi kubwa ya chanjo, vyandarua, dawa na wakunga. Lakini kadiri malaria na surua zinavyorudi nyuma, ndivyo vifo visivyo na jina vinavyojitokeza mbele. Zamani kila homa iliitwa malaria na kila kuhema kuliitwa nimonia. Huenda wengine waliandikwa nimonia kumbe ni moyo, maana moyo ukichoka, maji hujaa mapafuni na mtoto huhema vile vile.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 imeweka utaratibu kwa vifo vya ghafla na vifo ambavyo sababu yake haijulikani. Uzoefu wa kuuliza tunao pia. Tangu mwaka 1992 ulikuwapo mradi uliofanya kazi katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, ambao watumishi wake walikwenda nyumbani kwa wafiwa na kuwauliza kwa upole marehemu aliugua nini, kwa siku ngapi na kwa dalili zipi. Majibu yalipelekwa kwa madaktari wakakadiria sababu ya kifo. Njia hiyo haiwezi kuona ndani ya moyo, lakini inaweza kuandika kwamba mtoto alitoka jasho akinyonya. Kwangu mimi hilo si dogo.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua zaidi. Katika Siaya na Kisumu, mradi uitwao CHAMPS, ambao umefanya kazi pia Manhiça nchini Msumbiji na Soweto, Afrika Kusini, umetumia sindano kuchukua vipande vidogo vya viungo vya watoto waliofariki, kwa ridhaa ya wazazi, bila kumpasua mtoto. Maiti hurudishwa kwa mazishi akiwa na vitundu vidogo tu. Kwa familia nyingi za dini zetu hiyo ni njia inayovumilika. Lakini tukumbuke ule mkate wenye ukungu. Sindano huchukua kipande kidogo, na mchochota ni wa mabaka mabaka, kwa hiyo sindano inaweza kupita pembeni. Panapokuwa na mashaka juu ya moyo, uchunguzi kamili bado hauna mbadala.

Najua baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mnasema, huyu bwana anataka tuwacheleweshe marehemu wetu. La hasha. Naheshimu agizo la kumsitiri maiti mapema, na siku ile mimi mwenyewe nilishika jeneza. Lakini wapo wanazuoni wengi waliokubali uchunguzi wa maiti pale penye haja ya kweli, kama vile kutafuta haki au kuokoa walio hai. Mama asiye na hatia anayeitwa muuaji ana haja ya haki. Mtoto aliye tumboni ana haja ya kuokolewa.

Aidha, sitaki mtu yeyote atoke kwenye redio yake leo akisema kwamba kila mtoto anayekufa usiku amekufa kwa moyo. Hapana. Wengi hufa kwa sababu nyingine, na wengine sababu haipatikani hata baada ya uchunguzi kamili. Nisije nikaondoa neno moja la uwani na kuweka jingine.

Yapo mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja maabara. La kwanza linamhusu mtoto aliye hai. Mtoto mchanga anayechoka akinyonya, anayetoka jasho jingi wakati wa kunyonya, anayehema haraka, anayepauka, ambaye miguu na mikono yake ni ya baridi wakati mwili una joto, asirudishwe nyumbani na chupa ya dawa ya homa peke yake. Mama asione haya kusema: daktari, naomba usikilize na moyo wake. Moyo hupimwa kwa kusikilizwa, kwa eksirei ya kifua, kwa kipimo cha umeme wake, kwa eko ambayo huonyesha moyo ukicheza kwenye kioo, na kwa kipimo cha damu kinachoonyesha kama nyama ya moyo imejeruhiwa. Hapa Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Zahanati haina eko, lakini ina kalamu ya kuandikia rufaa.

La pili ni namna ya kulaza. Nchi kama Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilianza kampeni za kuwataka wazazi wawalaze watoto chali, si kifudifudi, na vifo vya usingizini vikapungua sana. Mtoto alazwe chali, mahali pagumu kidogo, mbali na mito na mablanketi mazito, na moshi wa sigara usiingie chumbani. Najua chumba kimoja cha Kariakoo hakina nafasi ya kitanda cha mtoto. Hata kikapu imara au godoro dogo pembeni ya mama ni afadhali. Na nasema hivi ili kuwalinda watoto waliopo, si kumpa mtu fimbo ya kumchapia aliyefiwa.

La tatu linawahusu wenye mamlaka. Mjumbe na mtendaji wanaposhughulikia kibali cha mazishi ya mtoto aliyekufa ghafla, pawepo karatasi moja ya maswali: aliugua nini, alinyonyaje, alilalaje, alikutwaje. Na Serikali iongeze wataalamu wa kuchunguza maiti na vifaa vyao, ili mzazi anayekubali uchunguzi asiambiwe arudi baada ya siku tatu. Mfiwa hangoji siku tatu.

La nne linatuhusu sisi tunaokaa mkekani na barazani. Wahenga walisema, ulimi hauna mfupa. Kweli hauna, lakini unaweza kumvunja mtu mifupa. Tukienda msibani kwa mtoto mchanga, tupeleke pole zetu, maji ya kunywa na kimya.

Wasikilizaji wapenzi, mtapenda kujua nilimjibu nini yule mama. Nilirudi nyumbani kwao jioni moja, mumewe akiwapo. Niliwaeleza habari za mchochota wa moyo, na jinsi mafua, jasho na kuachia ziwa vinavyoweza kuwa dalili zake. Macho yake yakaangaza. Akataka niseme kwamba ndiyo, ilikuwa moyo. Ningeweza kusema, na labda angelala vizuri usiku ule. Lakini sikuwa na kipande hata kimoja cha ushahidi, na nisingekuwa na tofauti na yule aliyesema amemlalia. Nikamwambia: "Shemeji, sijui. Hakuna anayejua, na sasa hakuna atakayejua. Na kwa kuwa hakuna anayejua, hakuna mwenye haki ya kukuhukumu."

Alilia muda mrefu. Mumewe, ambaye katika mwaka ule wote hakuwa amesema neno, akasema polepole kwamba jasho lile na yeye aliliona.

Mtoto wao wa pili, binti, alizaliwa salama. Alipofika wiki sita mama alimpeleka kliniki, na kabla muuguzi hajamaliza kuandika kadi akamwomba amsikilize moyo. Nadhani mama huyo amejifunza kuuliza mapema kuliko mimi mwandishi wa habari.